Mkoba wa Mama na Soko la Nchi Nzima



Kuna maneno ambayo katika miaka ya karibuni yamesikika katika nyumba nyingi za pwani yetu, na mara nyingi yamesemwa kwa sauti isiyo nzuri. Baba ameacha pesa ya matumizi asubuhi kama ilivyo desturi yake. Jioni anarudi, anakuta kitoweo kimepungua na chai haina maziwa. Mama anamwambia kuwa pesa haikutosha. "Mbona zamani ilikuwa ikitosha?" anauliza baba. Mama hana jawabu ila kusema kuwa vitu vimepanda. Hapo neno huzaa neno, na mke aliyehangaika kutwa akipunguza hapa na kuongeza pale hulala hali ametuhumiwa israfu ambayo hakuifanya.

Pembeni amekaa binti wa kidato cha tatu. Kitabu chake cha somo la biashara kimefunguliwa kwenye mada ya mahitaji na ugavi. Amefundishwa kuwa watu wakikitaka kitu kwa wingi bei yake hupanda, na wasipokitaka hushuka. Anawasikiliza wazazi wake, kisha anauliza kwa unyofu: "Mama, watu hawana pesa, na wananunua kidogo kuliko mwaka jana. Basi mbona bei zinapanda?"

Sisi tunaliona hilo kuwa swali bora kabisa ambalo mwanafunzi wa somo hili anaweza kuuliza. Ndani yake mna kosa na mna ufunguo. Binti amechukua kanuni ya soko la kitu kimoja akaipima nayo nchi nzima, na ameona mwenyewe kwamba haikai sawa. Akisaidiwa kuvuka hapo, ameelewa jambo ambalo watu wazima wengi hawalielewi, na pengine atakuwa sababu ya kuleta suluhu baina ya wazazi wake.

Soko moja na soko la wote

Katika mtaala wa 8-4-4 unaoelekea mwisho wake, mahitaji na ugavi husomwa kidato cha tatu, na mfumuko wa bei husomwa kidato cha nne. Baina ya mada hizo mbili kuna mto mpana, na daraja lake ni dhana mbili: mahitaji ya jumla na ugavi wa jumla. Mwanafunzi asiyejengewa daraja hilo huhifadhi ufafanuzi kwa moyo, akaujibu mtihani, na akabaki haelewi kinachotokea jikoni kwao.

Tuanze na samaki, kwa kuwa hakuna mtoto wa pwani asiyejua habari zake. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki kama wanavyotoka msimu wa kaskazi. Samaki huadimika, bei hupanda. Mama hufanya nini? Hununua mbaazi, au kunde, au mayai, na pesa ambayo ingekwenda kwa mchuuzi wa samaki huenda kibanda cha pili. Hilo ndilo soko moja. Bei ikimuumiza mnunuzi, anapo pa kukimbilia.

Sasa mzazi na amuulize binti yake: je, siku ambayo samaki, mbaazi, mayai, unga, mafuta ya kupikia, gesi na nauli ya matatu vyote vimepanda pamoja, tutakimbilia wapi? Aachwe afikiri. Jawabu ni kwamba hakuna kibanda cha pili. Hapo ndipo penye tofauti kubwa, na mwalimu akianza na grafu kabla ya mwanafunzi kuihisi tofauti hiyo, amemchorea mistari isiyo na maana kwake.

Mahitaji ya jumla ni matumizi yote ya nchi yakijumlishwa pamoja, na yana milango minne. Wa kwanza ni matumizi ya nyumba zetu. Wa pili ni uwekezaji, kama mtu anapojenga duka au kununua mashine ya kusaga. Wa tatu ni matumizi ya serikali. Wa nne ni vile tunavyowauzia wageni, tukitoa vile tunavyonunua kutoka nje. Ugavi wa jumla nao ni bidhaa na huduma zote ambazo wazalishaji wa nchi wako tayari kuzitoa. Hapa hatuangalii tena bei ya samaki pekee, bali kiwango cha bei kwa ujumla. Wala hatuhesabu kilo, bali pato la taifa.

Mwanafunzi aonywe jambo moja. Katika grafu, mstari wa mahitaji ya jumla hushuka kuelekea kulia, sawa na ule wa soko la samaki. Kufanana huko kunadanganya. Wa samaki hushuka kwa sababu mnunuzi huhamia kitu kingine. Wa nchi hushuka kwa sababu nyingine: bei zote zinapopanda, akiba ya watu hupungua thamani wakanunua kidogo; mikopo huwa ghali, uwekezaji ukapungua; na bidhaa zetu huonekana ghali kwa mgeni, akanunua kwingine. Mistari inafanana, sababu hazifanani, na mtihani mzuri huuliza sababu.

Mlango uliofungwa mwaka 2020

Pwani yetu ilipata somo la mahitaji ya jumla mwaka 2020, na vijana walio shule ya upili leo walikuwa watoto wakiliona kwa macho yao. Ugonjwa wa korona ulipoingia na safari za ndege za kimataifa zikasimamishwa, idadi ya wageni wa kimataifa nchini ilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili ikilinganishwa na mwaka 2019. Mtalii anayekunywa dafu Diani au kulala Malindi anahesabiwa katika ule mlango wa nne, kwa sababu pesa yake imetoka nje. Mlango huo ulifungwa kwa ghafla.

Mwanafunzi aifuate pesa inavyokatika. Hoteli inafungwa, na mhudumu anarudishwa nyumbani bila mshahara. Mhudumu haagizi tena mahamri asubuhi. Mama wa mahamri anapunguza unga, nazi na iliki. Mwenye duka la unga anaona mifuko haitoki, anamwachisha kazi kijana wa mkokoteni. Kijana wa mkokoteni hajawahi kukanyaga hoteli maishani mwake, lakini amefikiwa. Matumizi ya mtu mmoja ni pato la mwingine. Mtoto akiishika sentensi hii moja, ameshika nusu ya somo.

Ni kweli kwamba maradhi yale yaligusa upande wa ugavi pia, kwa kuwa shughuli nyingi zilizuiwa. Lakini kwa miji yetu ya utalii, jeraha kubwa lilikuwa la mahitaji: vitanda vilikuwepo, wapishi walikuwepo, wavuvi walikuwepo, ila wanunuzi hawakuwepo. Mwaka huo pato la taifa la Kenya lilisinyaa kidogo badala ya kukua.

Mwaka 2022 na jawabu la swali la binti

Baada ya hapo yakaja ya upande wa pili. Misimu ya mvua ilikatika mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020, ukame ukaikumba kaskazini ya nchi hadi bara ya pwani yetu, katika sehemu za Kilifi, Kwale na Tana River. Februari 2022 vita vilizuka Ukraine, na ngano, mbolea na mafuta ya petroli vikapanda bei duniani. Aprili mwaka huo huo Indonesia ilizuia kwa muda kuuza nje mafuta ya mawese, ambayo ndiyo asili ya mafuta mengi ya kupikia tunayoyatumia. Septemba serikali ikaondoa ruzuku ya petroli, na kila kinachobebwa kwa lori au matatu kikapanda gharama.

Haya yote hayakumuongezea mtu yeyote hamu ya kununua. Yaliyobadilika ni gharama ya kuvileta vitu sokoni. Mstari wa ugavi wa jumla ulisogea kushoto: bei zikaenda juu, na kiasi kinachonunuliwa kikaenda chini, yote mawili kwa pamoja. Hilo ndilo jawabu la binti. Watu wananunua kidogo na bei zinapanda, kwa sababu ugonjwa umetoka upande wa ugavi. Kitabu cha kidato cha nne huuita mfumuko unaosukumwa na gharama. Ule mwingine, unaotokea watu wanapokuwa na pesa nyingi kuliko vitu vilivyopo, huitwa mfumuko unaovutwa na mahitaji.

Tumpe mwanafunzi kanuni moja ya kupimia: angalia bei na biashara kwa pamoja. Bei zikipanda na biashara ikichangamka, shuku mahitaji. Bei zikipanda na biashara ikidorora, shuku ugavi. Bei zikilegea na biashara ikidorora, mahitaji yamepungua. Bei zikilegea na biashara ikichangamka, basi ugavi umeongezeka, na hiyo ni neema.

Hesabu ya mkoba

Sasa turudi kwa pesa ya matumizi. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6. Maana yake ni kwamba kikapu cha vitu kilichogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021 kiligharimu kwa wastani shilingi 1,096 mwaka mmoja baadaye. Tukiigeuza hesabu, shilingi 1,000 za baba zilinunua vitu ambavyo mwaka uliotangulia vilinunuliwa kwa shilingi 912 tu. Ni kana kwamba mtu ametia mkono katika mkoba wa mama akachukua shilingi 88 bila kuonekana. Na huo ni wastani. Vyakula vilipanda kwa kasi zaidi ya hapo, kwa hiyo nyumba ambayo pesa yake nyingi huishia tumboni iliumia zaidi.

Kuna kosa lingine ambalo hata wasomi hulifanya. Oktoba 2023 mfumuko ulikuwa asilimia 6.9, na Oktoba 2024 ukashuka hadi asilimia 2.7. Wengi waliposikia umeshuka, walitarajia bei zirudi zilikokuwa, na zisiporudi wakasema wamedanganywa. Mfumuko ni mwendo wa gari; ukipunguza mwendo, gari halirudi nyuma. Binti na azidishe mwenyewe: 1,000, kisha 1,096, kisha takriban 1,172, kisha takriban 1,203. Kikapu kile kile, miaka mitatu. Baba ambaye tangu Oktoba 2021 hajaiongeza pesa ya matumizi ameipunguza kwa takriban moja ya sita, naye hana habari.

Dawa kulingana na ugonjwa

Faida ya kujua ugonjwa umetoka wapi ni kujua dawa. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha msingi kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa mwaka 2022 hadi asilimia 13 Februari 2024. Kupandisha viwango hupunguza mikopo, na kwa hivyo hupunguza mahitaji ya jumla. Lakini mwanafunzi mwerevu atauliza: je, hilo linaleta mvua? Hasha. Linaweza, hata hivyo, kusaidia kuimarisha shilingi. Dola iliyokuwa karibu shilingi 113 mwanzoni mwa 2022 ilifika karibu 160 Januari 2024, kisha ikarudi karibu 130 kufikia katikati ya mwaka huo. Kila tunachokiagiza nje hupanda na kushuka pamoja na dola. Dawa ina faida na ina madhara, na mtoto ajifunze kuyapima yote mawili.

Hapa mtoto wa Kiislamu hukutana na neno riba takriban katika kila ukurasa. Wazazi wasione haya wala wasimkataze kusoma. Kujua jambo linavyofanya kazi si kuliridhia. Tabibu husoma habari za sumu ili apate kuponya. Nchini mwetu benki mbili zinazofuata misingi ya sharia zilianza kazi mwaka 2008, na ni zoezi zuri kumuuliza kijana jinsi ushirika wa faida na hasara unavyotofautiana na mkopo wa riba pale mahitaji yanapoporomoka. Nani hubeba hasara katika kila hali?

Elimu hii si ngeni kwetu

Baadhi ya vijana hudhani uchumi ni elimu iliyoletwa na meli. Sivyo. Kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kinaeleza nchi ya Misri ilivyopangiwa miaka saba ya neema kisha miaka saba ya dhiki. Ni msukosuko wa ugavi wa nchi nzima, na tiba yake ilikuwa ya upande wa ugavi: kulima kwa bidii, kula kwa kiasi, na kuweka akiba ya nafaka katika mashuke yake.

Misri hiyo hiyo, karne nyingi baadaye, ilipatwa na njaa na ughali mwanzoni mwa karne ya 15. Mwanachuoni al-Maqrizi, ambaye aliwahi kuwa muhtasibu wa masoko ya Cairo, aliandika kitabu juu ya msiba ule mwaka 1405. Hakuilaumu Mto Nile peke yake. Alitaja pia vyeo vilivyouzwa kwa hongo, kodi za mashamba zilizopandishwa mno, na wingi wa sarafu za shaba zilizotolewa bila kiasi. Alitenganisha njaa iliyosababishwa na maumbile na ughali uliosababishwa na mikono ya watu. Huko ndiko kutenganisha tunakotaka binti yetu akujue.

Na juu ya yote, amepokea Anas (R.A.) kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimuomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, naye hakukubali, akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kubana na kukunjua, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhuluma ya damu wala ya mali. Ibn Taymiyya alikuja kueleza kuwa bei inaweza kupanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa wanaoitaka, bila ya mtu kumdhulumu mwenziwe. Kuhodhi chakula ili watu waumie ni haramu, na mwenye kuhodhi anastahiki kuzuiwa. Lakini kumuita mwenye duka mwizi kabla ya kujua ughali umetoka wapi ni dhana mbaya, nayo tumekatazwa.

Zoezi la nyumbani

Tunapendekeza zoezi la majuma manne, lisilohitaji ila daftari na kalamu. Kijana achague vitu kumi vinavyonunuliwa nyumbani kwao: unga wa ngano, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, nazi, mbaazi, samaki, gesi au makaa, sabuni na nauli. Kila Alhamisi aandike bei. Kisha awaulize kwa adabu mwenye duka na mama wa mahamri kama wanauza zaidi au pungufu kuliko juma lililopita.

Mwisho wa mwezi ajibu maswali matatu. Je, kimepanda kitu kimoja au vingi? Bei ilipopanda, biashara iliongezeka au ilipungua? Na sababu ilianzia kwa mnunuzi, au kwa gharama ya kuvileta vitu? Katika Ramadhani atagundua kuwa tende, muhogo na nazi hupanda huku vikinunuliwa kwa wingi. Hayo ni mahitaji, tena ya vitu vichache. Petroli ikipanda, ataona vitu vingi vikipanda huku mauzo yakilegea. Huo ni ugavi wa jumla. Ndipo achore grafu. Atachora kitu ambacho amekwisha kukiona.

Daftari hilo lisifichwe. Liwekwe mezani siku baba na mama wanapozungumza habari za matumizi. Baba aone kwa mwandiko wa mwanawe kuwa mkoba haukuvuja, na mama aone pale panapoweza kubanwa na pale ambapo hapana tena cha kubana. Wakikubaliana kuongeza pesa, waongeze kwa hesabu. Na kama kipato hakiruhusu, basi wapunguze kwa kuelewana, wala asibebeshwe mmoja wao lawama ya vita vya Ukraine na mvua iliyokatika.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na atie huruma baina ya mume na mke katika kila nyumba. Wabillahi tawfiq.